Kulaza draiva milisekunde 50 si kuitibu

Jumanne nililetewa kiraka, yaani rekebisho dogo la msimbo, nikikague. Ni cha draiva, programu inayoiunganisha kompyuta na kifaa, ya mashine ya alama za vidole inayotumika kwenye ofisi moja ya ushirika pale barabara ya Tom Mboya. Karani akichomoa waya wa USB, mara mojamoja kompyuta inaganda na foleni ya wanachama inasimama. "Kijana wangu, mimi nimechomoa tu," mama wa watu aliniambia, kana kwamba ana kosa.

Kiraka chenyewe ni mstari mmoja: msleep(50), yaani lala milisekunde 50, kisha kfree, yaani achilia kumbukumbu. Maelezo: tatizo limekwisha.

Halijakwisha, na limeniuma. Waya ukichomoka, upande mmoja wa draiva unaachilia kumbukumbu ya kifaa huku kazi iliyopangwa kwenye foleni ya kerneli, kiini cha mfumo wa Linux, ikiwa bado imeshika anwani ya zamani. Ni mpangaji aliyehama mtaa wa Pipeline na ufunguo mfukoni: chumba kimeshapata mwenyewe mwingine, na yule wa zamani anafungua mlango usiku na kuanza kuhamisha vyombo. Kuchelewa kumwingiza mpangaji mpya hakumnyang'anyi yule ufunguo. Anza na usb_kill_urb, inayokatisha ombi la USB lililo njiani, maana jibu la kifaa ndilo linalopanga kazi mpya. Halafu cancel_work_sync, ambayo inangoja kazi inayoendelea imalize. Ndipo uachilie. Na kama kuna programu ambayo haijafunga faili ya kifaa, kref, kihesabio cha wanaoitumia kumbukumbu, ihesabu, wa mwisho kutoka ndiye azime taa.

Niliwasha KASAN, zana ya kerneli ya kunasa makosa ya kumbukumbu, nikakaa nachomoa na kuchomeka waya hadi vidole vikauma. Mara ya 37, pamoja na ule usingizi wa milisekunde 50, ripoti ikatokea: kumbukumbu iliyoachiliwa inasomwa.

Sawa, simu za mteja zilikuwa haziishi, na presha naijua. Hata Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, akiziba tundu la usalama liitwalo Dirty COW mwaka 2016, aliandika kwamba alishajaribu miaka 11 nyuma na akaziba vibaya. Lakini yeye aliirudia kazi. Rust nayo, lugha ya programu inayozuia mengi ya makosa haya ya kumbukumbu, iliingia Linux 6.1 mwaka 2022, tutafika huko. Draiva hii imeandikwa kwa lugha ya C na ofisi inafunguliwa saa mbili asubuhi.

Kiraka nimekirudisha. Tumekaa na aliyekiandika, tukachora nani anashika nini na anakiachia lini, tukaandika upya. Tumechomoa mara 500, kimya. Kesho yule mama atauvuta waya wake kama kawaida, na ana haki ya kuuvuta.