Kasoro ndizo zinazomfananisha na mtu
Madai ya makala niliyoyasoma kwamba mchezaji wa gemu anayeendeshwa na kompyuta atafanana na binadamu kadiri anavyoongezewa ustadi hayalingani na ninayoyaona kila jioni katika kibanda changu cha gemu hapa Mbagala, ambako vijana humtambua mara moja kwa sababu hapotezi pasi rahisi, hababaiki, wala hatafuti kulipiza anapochezewa rafu. Katika shindano la BotPrize la mwaka 2012, lililotumia mchezo wa kurushiana risasi wa Unreal Tournament 2004 na ambamo waamuzi walikisia nani ni mtu na nani ni programu, programu mbili zilidhaniwa kuwa watu katika takriban asilimia 52 ya makisio, ilhali wachezaji wa kweli, jambo la kuchekesha, walipata wastani wa asilimia 40 hivi. Mojawapo ya programu hizo, MirrorBot, iliiga mienendo ya mpinzani wake, na nyingine, UT^2 ya Chuo Kikuu cha Texas, ilipokwama ilifuata njia zilizorekodiwa kutoka kwa binadamu. Mtu huhitaji takriban robo ya sekunde kuitikia anachokiona, kwa hiyo mtengenezaji hana budi kuichelewesha programu na kuipa makosa, tena yasiyojirudia kwa mpangilio. Je, wenzangu mnaocheza mpira wa kwenye skrini, ni kosa gani mkiliona mnajua kwamba hapo yupo mtu?