Ashiki kwa Mama Mkwe

Sisi watu wa Shinyanga neno "hamu" hututosha kwa kila kitu. Hamu ya mvua, hamu ya michembe, hamu ya mchumba. Lakini nilikuwa nimeposa Unguja, na mwenzangu alishanionya: "Kwetu mtu hupimwa kwa Kiswahili chake."

Basi Idi ilipokaribia nikanunua kadi, nikaazima kamusi, nikasaka neno zito kuliko hamu. Nikakutana na "ashiki". Nikasoma: hamu kubwa. Kubwa! Nikaifunga kamusi papo hapo. Maneno yaliyofuatia ningeyasoma ya nini?

Siku ya sikukuu tumeshakula, ukoo mzima umekaa mkekani, baba mkwe akavaa miwani na kuisoma kadi kwa sauti. Salamu zake mwenyewe zilipita salama. Akafika kwa mkewe.

"Nawe mama, tangu nilipoonja pilau lako sipati usingizi. Nina..." Akanyamaza. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Ana nini?" akauliza bibi, ambaye masikio yake yamechoka kidogo.

"Ana ashiki!" shangazi akamjibu huku amejishika mbavu.

"Na nani?"

"Na mkaza mwanao!"

Mama mkwe alishajifunika kanga usoni. Mabega tu ndiyo yaliyokuwa yakitikisika.

"Baba, nakuomba usiwe na hasira," nikasema, jasho linanitiririka.

"Hasira ni ya mtoto aliyevunja kikombe," akajibu polepole, kama mwalimu wa chuoni. "Mimi ilinipanda ghadhabu. Kisha nikakutazama uso, nikaona huyu hajui alichoandika. Sikiliza, mwanangu. Hamu unaweza kuwa nayo hata kwa mama yako mzazi. Shauku, sawa, mtu ana shauku ya safari. Uchu ni wa nyama, na ukimwonea mtu uchu, hilo halisemwi mbele ya wazee. Ashiki mtaijua wenyewe chumbani, mkishaoana. Kama mtaoana."

Nikaona sasa niombe radhi kwa lugha nzito, maana nyepesi isingetosha. Nikainamisha kichwa: "Baba, nina majonzi makubwa."

"Innalillahi!" bibi akaruka. "Kafa nani?"

"Mimi, bibi."

Ndoa ilifungwa. Ila hadi leo, kila mama mkwe akipika pilau, shangazi hunipigia simu usiku kuniuliza kama nimepata usingizi.