Filamu za ridhaa tunazipima kwa mizani ya dukani

"Kama haikuingizii hela, unaifanya ya nini?" Swali hilo nililisikia Mafiati, jijini Mbeya, kwenye chumba cha mpiga video za harusi. Aliyeulizwa ni kijana aliyekuja kuazima kompyuta aunganishe vipande vyake. Alikuwa ameshuti kwa simu, alfajiri tatu mfululizo, watu wanaopakia viazi kwenye Fuso kule Isyonje, ukungu ukiwa bado umelala barabarani. Dakika sita. Hakuna mwigizaji wala muziki, ila sauti ya mtu mmoja akihesabu magunia kwa Kisafwa. Mwenye kompyuta aliitazama mpaka mwisho, jambo ambalo lenyewe ni heshima, kisha akasema, "Mdogo wangu, picha kali. Sasa nani ananunua hii?"

Swali hilo si la kipuuzi. Filamu za Bongo zilizoshika soko miaka ya 2000 zilibebwa na watu wengi waliojifunzia kazini, wakauza kanda, kisha diski, wakalisha familia. Mpiga video wa Mafiati amekopa ili anunue kamera, analipa pango, na anajua kwamba picha bila sauti safi ni kazi bure. Kwenye simu ya yule kijana upepo ulikuwa unanguruma kama lori linalopanda Mlima Nyoka. Kuna sheria pia: ile ya filamu na michezo ya kuigiza ya mwaka 1976 inamtaka mtengenezaji awe na kibali, na aliyehangaika kukitafuta haoni raha kumwona mwenye simu akipita kando. Na kuna suala ambalo wapenzi wa filamu za ridhaa tunalikwepa. Mama anayeuza ndizi Mwanjelwa hakuulizwa kama anataka uso wake uzunguke kwenye simu za watu. Mpiga video za harusi walau amealikwa.

Hayo yote nayakubali. Kinachonisumbua ni kwamba swali la "nani ananunua" limegeuzwa kuwa swali pekee. Kwenye mpira hatufanyi hivyo. Hakuna anayemfuata mchezaji wa Jumapili pale Soweto ya hapa Mbeya kumuuliza mbona Simba hawajamsajili. Anacheza kwa sababu anapenda, na mtaa unakuja kutazama. Kwenye filamu, asiyelipwa tunamwona ama mwanafunzi ambaye hajafuzu au mpoteza muda.

Mkanda wa filamu wenye upana wa milimita 16 ulipotolewa na kampuni ya Kodak mwaka 1923, ulilenga watu wa aina ya huyu kijana. Ulitengenezwa kwa asetati, plastiki isiyoshika moto kwa urahisi, si nitreti ya majumba ya sinema iliyokuwa ikishika moto kwa cheche moja, hivyo mtu aliweza kuuonyesha sebuleni bila kuunguza nyumba. Mwaka 1926 wenye hobi hiyo wakaunda chama chao New York, Amateur Cinema League, chenye jarida lake, na kuanzia 1930 wakawa wanachagua filamu kumi bora kila mwaka. Ridhaa ilikuwa na vipimo vyake vya ubora, vilivyowekwa na wanaridhaa wenyewe. Na walitengeneza kila kitu: safari za likizo, mtoto anayejifunza kutembea, vichekesho vilivyoigizwa na majirani, nyuki na maua kwa karibu, fundi seremala kazini, hadithi za kutisha zilizopigwa stoo, hata michezo ya mwanga na kivuli isiyo na hadithi kabisa. Mwanaridhaa ni kama mpishi asiye na mteja wa kumridhisha, kwa hiyo anaonja vyungu vyote.

Naomba nikae kidogo kwenye dakika nne, kwa sababu huwa zinanirudia kichwani. Mwaka 1932, hali ya uchumi ikiwa mbaya, Kodak walileta mkanda wa milimita 8 ili kupunguza gharama. Roli lilikuwa na futi 25. Unapiga upande mmoja hadi mwisho, unatafuta kivuli, unafungua kamera, unaligeuza roli, unapiga upande wa pili. Maabara wanalipasua katikati kwa urefu na kukuunganishia futi 50. Jumla: kama dakika nne. Mkanda uitwao Super 8, wa mwaka 1965, uliondoa adha ya kugeuza, lakini roli lake nalo lilikuwa dakika tatu na sekunde ishirini kwa mwendo wake wa kawaida. Dakika nne za kutumia kwa sherehe, kwa safari, pengine kwa mwezi mzima! Mtu alisimama na kamera mkononi, akatazama kwanza, akajiuliza kama jambo lile linastahili sekunde kumi. Kila baada ya dakika mbili roli lenyewe lilimlazimisha apumzike na kufikiri.

Sisi tuna simu. Dakika hazina bei tena, isipokuwa bando la kupandishia. Hapo ningetegemea aina za filamu ziongezeke mara mia. Badala yake, fungua simu yoyote kwenye daladala la Uyole utakutana na yaleyale: mke mkali, mganga tapeli, baba mwenye nyumba anadai kodi, mtu anadondoka. Vingine vinachekesha kweli, na wanaovitengeneza wana kipaji. Ila vinafanana kwa sababu mtandao nao unauliza swali la Mafiati, tena unataka jibu ndani ya sekunde tatu za kwanza. Uhaba wa mkanda ulimfanya mtu achague jambo lake mwenyewe. Wingi wa dakika umetufanya tuchague la jirani.

Wanaotaka kila kitu kiwe kazi ya kulipwa wangemwona Dave Tatsuno kuwa mpoteza muda pia. Alikuwa mfanyabiashara wa San Francisco mwenye asili ya Japani, aliyewekwa kizuizini na serikali ya Marekani kwenye kambi ya Topaz, Utah, wakati wa vita kuu ya pili. Kamera zilikatazwa. Msimamizi wake kwenye duka la ushirika la kambi, naye mwenye hobi hiyohiyo, alimsaidia kuingiza kamera yake ya milimita 8. Akapiga kwa rangi: theluji, familia yake, watu wanatwanga mchele wa mochi, waumini wanatoka kanisani. Hazikuwa picha za kuuzwa. Mwaka 1996 zikaingizwa kwenye orodha ya taifa ya filamu za kuhifadhiwa Marekani, sambamba na sinema za mamilioni.

Hapa kwetu soko la zamani la Mwanjelwa liliteketea mwaka 2006. Kijana wa miaka ishirini leo hakuliona. Ukimwomba mzee amweleze, ataanza na mahali palipouzwa mitumba, atabishana na mwenzake kuhusu lango, kisha ataishia na "palikuwa na vumbi." Dakika nne tu za mtu asiye na mteja, aliyetembea humo na kamera Jumamosi moja, zingemaliza ubishi wote.

Kuna jambo moja ambalo yule bosi wa Mafiati anatushinda waziwazi. Ana kabati. Harusi zote alizoshuti ziko humo, diski zimeandikwa tarehe na majina kwa kalamu ya wino mzito, na wanandoa waliopoteza nakala yao humrudia. Sisi wa ridhaa tunaweka kazi kwenye simu, simu inaibwa Kabwe, basi. Mkanda wa Tatsuno wa mwaka 1943 bado unaonekana, na kilichopigwa mwaka jana hakipo. Nilipokutana tena na yule kijana nilimuuliza viazi vyake viko wapi. Alipapasa mifuko ya koti akatoa flashi isiyo na kifuniko, akasema humo kuna na nyimbo za dada yake, na kwamba bosi amekubali kumwekea nakala kabatini, kwa sharti aje Jumamosi amshikie taa harusini.