Kura 228 kwa 205: Ugomvi wa Washington Uliposaidia na Ulipoumiza

Jumatatu ya Septemba 29, 2008, Baraza la Wawakilishi la Marekani lilipiga kura huku runinga zikionyesha hesabu ya kura upande mmoja na soko la hisa la New York upande wa pili. Kadiri kura za hapana zilivyoongezeka, ndivyo hisa zilivyoporomoka. Muswada wa dola bilioni 700 za kuyanusuru mabenki yaliyokuwa yakizama kwa mikopo mibovu ya nyumba ukaanguka kwa kura 228 dhidi ya 205. Soko lilipofungwa, kipimo cha Dow Jones kilikuwa kimeshuka pointi 777, anguko kubwa kuliko yote ya siku moja kwa hesabu ya pointi hadi wakati huo.

Tangu siku ile, kura hiyo hutajwa kama ushahidi kwamba siasa za vyama haziwezi kuongoza nchi wakati uchumi unaungua. Mimi naona hukumu hiyo imetolewa haraka mno.

Tuangalie nani alimpinga nani. Rais alikuwa George W. Bush, Republican, na mpango ulikuwa wa waziri wake wa fedha, Henry Paulson. Waliouangusha kwa wingi ni wa chama chake mwenyewe: Warepublican 133 walisema hapana. Wademocrat 95 wakaungana nao, ingawa wenzao 140 waliuunga mkono. Siku nne kabla, baada ya kikao cha Ikulu kilichovunjika kwa makelele, Paulson alipiga goti mbele ya Spika Nancy Pelosi akimsihi asiuvuruge mpango. Pelosi akamjibu kwamba wanaouvuruga ni Warepublican.

Na wapinzani wale walikuwa na hoja. Rasimu ya kwanza ya Paulson ilikuwa na kurasa 3 tu. Ilimpa waziri mmoja mamlaka ya kutumia dola bilioni 700, na kifungu kimoja kilisema maamuzi yake hayawezi kuhojiwa na mahakama yoyote. Mtu aliyekuwa akipoteza nyumba yake kwa mkopo ulioumuka angeambiwa nini? Kwamba kodi yake inakwenda kwa wale wale waliouza mikopo hiyo? Septemba 15 serikali ilikuwa imeiacha benki ya Lehman Brothers ifilisike, na kesho yake ikaokolewa kampuni ya bima ya AIG kwa mkopo wa dola bilioni 85. Raia alikuwa na haki ya kuuliza ni kigezo gani kilichotumika.

Mabishano ndiyo yaliyoleta fedha kutolewa kwa awamu, mkaguzi maalum, kamati ya kusimamia matumizi na mipaka kwenye malipo ya wakurugenzi. Baada ya muswada kuanguka, ukaongezwa ulinzi wa akiba za wateja benki, kutoka dola 100,000 hadi 250,000. Seneti ikaupitisha Oktoba 1 kwa kura 74 kwa 25, Baraza la Wawakilishi likafuata Oktoba 3 kwa 263 kwa 171, na Bush akatia saini siku hiyo hiyo. Fedha zilizokwenda kwa mabenki zilirudi na faida. Siku nne za hofu zilikuwa gharama halisi, sikatai, maana mtikisiko wa soko la dunia wa miezi ile uliwafikia hata wanunuzi wa pamba wa Tanzania. Lakini sheria iliyotoka ilikuwa bora kuliko zile kurasa 3.

Mwaka 2011 ni habari nyingine kabisa. Novemba 2010 Warepublican walikuwa wameongeza viti 63 na kulitwaa Baraza la Wawakilishi, wakachagua kupambana na Barack Obama kupitia kikomo cha deni. Sheria hii yenye asili ya mwaka 1917 huweka ukomo wa kiasi ambacho serikali inaweza kukopa. Kikifikiwa, kinachokwama ni malipo ambayo Bunge lenyewe lilikwisha kuyaidhinisha: mishahara ya wanajeshi, pensheni, riba za wenye hati fungani.

Warepublican walikuwa na la kusema. Nakisi ya bajeti ilikuwa imezidi dola trilioni 1 kwa mwaka, na waliamini hakuna saa nyingine ambapo rais angewasikiliza. Kweli, walipata sheria ya kubana matumizi. Ila ilitiwa saini Agosti 2, siku ambayo Hazina ilikuwa imeitaja kama mwisho wa uwezo wake, na siku tatu baadaye Standard & Poor's, kampuni inayopima uwezo wa wakopaji kulipa madeni, ikaishusha Marekani kutoka daraja la juu kabisa la AAA, ikilaumu waziwazi mchezo huo wa kisiasa. Ofisi ya ukaguzi ya Bunge ilikadiria kwamba mvutano ule uliongeza gharama za kukopa kwa takriban dola bilioni 1.3 mwaka ule peke yake. Yote haya ukosefu wa ajira ukiwa karibu asilimia 9.

Hapo ndipo ninapotofautisha. Kubishana kabla ya kutumia ni kazi ya mbunge. Kutishia kutolipa kilichokwisha kutumika ni kumuumiza aliyeikopesha nchi kwa nia njema, na dawa ya deni ni kulipa.

Wanaotamani umoja watataja Machi 2020, janga la korona lilipobisha hodi na Seneti ikapitisha dola trilioni 2.2 kwa kura 96 kwa 0. Kasi ile iliwaokoa wengi. Lakini mikopo ya biashara ilitoka bila uhakiki wa kutosha, na waendesha mashtaka wamewakimbiza matapeli kwa miaka. Mwaka uliofuata Wademocrat walipitisha trilioni 1.9 peke yao, wakimpuuza hata Larry Summers, mchumi na waziri wa fedha wa zamani wa upande wao, aliyeonya kuhusu mfumuko wa bei. Juni 2022 ulifika asilimia 9.1. Haukusababishwa na sheria hiyo pekee, ila onyo lilistahili kusikilizwa.

Njia ya kutenganisha ugomvi wa aina hizi mbili ipo, na Marekani iliwahi kuitumia. Tangu 1979 Baraza la Wawakilishi lilikuwa na kanuni, iliyowahi kusitishwa na kurejeshwa, kwamba bajeti ikipitishwa, Baraza linahesabiwa papo hapo limepitisha pia muswada wa kupandisha kikomo cha deni. Iliondolewa Januari 2011, ikarudishwa 2019, ikaondolewa tena 2023.