Oda ya hoteli na karakana ya mafundi wanne

Kwa seremala mwenye karakana ndogo Mwanakwerekwe au Chake Chake, oda ya hoteli ya Paje au Nungwi ni bahati, na wanaosema hivyo wana hoja. Vitanda arubaini vya umbo moja hupimwa mara moja. Ukishatengeneza vigezo vya miguu na vichwa, fundi hakai tena kufikiri, anakata tu. Kazi yenyewe aghalabu huja masika, Aprili na Mei, hoteli zinapokarabati kabla ya wageni wa Juni. Mteja wa mtaani hana msimu huo. Wake ni Shaaban na Mfunguo Mosi, nyumba zinapotayarisha harusi.

Tatizo liko kwenye pesa. Chukua mfano: vitanda 40 kwa shilingi 600,000 kimoja ni milioni 24. Hoteli inatoa arubuni ya asilimia 30, yaani milioni 7.2, na baki inalipwa siku 60 baada ya kupokea. Mbao, msasa, vanishi na skrubu zikila nusu ya bei, hiyo ni milioni 12. Mafundi wanne kwa 25,000 kwa siku, siku 36 za kazi, ni milioni 3.6. Kabla kitanda cha mwisho hakijatoka umeshatumia milioni 15.6, na 8.4 kati ya hizo umezitoa mfukoni au umekopa kwa muuza mbao. Faida, kabla ya kodi ya banda na umeme, nayo ni milioni 8.4. Kwa maneno mengine, umeikopesha hoteli kiasi kilekile unachotarajia kupata, na siku 60 zikigeuka 120 muuza mbao hatokusubiri.

Mteja wa mtaani ana maudhi yake. Anataka bei ya ujirani, analipa kidogokidogo, na kabati lililokwisha hukaa karakanani miezi mitatu likila nafasi. Siku hizi pia analinganisha bei yako na samani za mbao za kubandika kutoka nje. Lakini akichelewa mmoja karakana haifungwi, na hilo ni jambo kubwa kuliko linavyoonekana.

Kuna kasoro nyingine ambayo wengi huigundua wakati wamechelewa, nayo ni unyevu. Mbao iliyokauka kwa hewa ya Unguja hubaki na unyevu mwingi kuliko mbao iliyozoea chumba chenye kiyoyozi kinachowashwa mchana na usiku. Ikiingia humo inasinyaa kwa upana: ulimi wa kiungo unalegea ndani ya tundu lake, ubao mpana uliogandishwa pande zote unapasuka. Mbao nzito ya inchi moja huhitaji takriban mwaka kukauka chini ya paa lenye upepo, na masika hurefusha muda huo. Mvua hizohizo hufanya vanishi inayokauka haraka kutoka ukungu mweupe. Ufukweni skrubu za chuma cha kawaida hushika kutu, basi bei ihesabu za shaba au stenlesi tangu mwanzo. Asiye na akiba ya mbao kavu asikubali vitanda arubaini kwa wiki sita, hata arubuni iwe nono.

Hata hivyo sioni sababu ya kuikataa hoteli moja kwa moja. Omba kwanza utengeneze chumba kimoja cha sampuli, kilipwe chote, kikae na kiyoyozi wiki nne. Kisha gawa oda mafungu manne ya vitanda kumi. Fungu moja ni milioni 6. Ukipewa nusu, milioni 3 inanunua vifaa vyote, na unachotoa wewe ni ujira wa siku tisa, 900,000 tu. Mbao za fungu la pili zisikatwe mpaka la kwanza lilipwe. Uliza pia nani anatia saini malipo: ikiwa ni mkandarasi anayengoja naye kulipwa na mwenye hoteli, taka arubuni kubwa zaidi.

Meneja atakayekataa mafungu kwa kuwa usafiri wa mara nne ni ghali ana hoja, na gharama hiyo mnaweza kugawana. Anayekataa vyote viwili, sampuli na mafungu, huku akitaka siku 60, anatafuta mkopeshaji, na karakana ya mafundi wanne haina pesa hizo.