Ndege ya uani inataka mizani kabla ya makofi

Imezuka tena ile video ya ndege ya kujiundia nyumbani: mabomba ya mraba, injini ya Toyota, kijana anaungurumisha uani na mtaa mzima unapiga makofi. Maoni ni yaleyale: "Serikali imshike mkono!" Imshike mkono impeleke wapi? Hakuna hata mmoja aliyeuliza ndege ina kilo ngapi na uzito wake umekaa wapi.

Na msiniletee akina Wright, wale ndugu wawili Wamarekani waliorusha ndege yenye injini mwaka 1903. Kweli, walikuwa mafundi baiskeli, digrii hawakuwa nayo. Lakini mwaka 1901 walijiundia kisanduku cha kupuliza upepo wakapima maumbo ya mabawa karibu 200, na 1902 wakaruka mara mamia bila injini. Sisi tunaanza na injini.

Haya, mizani. Nyanyua mkia ndege ikae mkao wa kuruka, weka mizani chini ya kila gurudumu. Tuseme mawili ya mbele yanabeba kilo 240, la mkia 20, na kutoka ekseli ya mbele hadi gurudumu la mkia ni sentimita 400. Zidisha 20 kwa 400, gawa kwa 260: kitovu cha uzito, yaani pale ndege ingesimama sawa ukiiegemeza, kiko sentimita 31 nyuma ya ekseli. Ekseli ikiwa sentimita 5 nyuma ya ukingo wa mbele wa bawa, kitovu kiko 36. Kwa bawa lenye upana wa 140 kutoka mbele hadi nyuma, hiyo ni asilimia 26 ya upana huo. Safi, kitovu kiko mbele vya kutosha. Rubani wa kilo 80 akikaa sentimita 60 kutoka ukingo huo, kinasogea 42, asilimia 30. Bado unapumua. Sasa mpakie binamu wa kilo 70 kiti cha nyuma, sentimita 150: kinafika 60, asilimia 43! Pua itapanda yenyewe, utasukuma usukani mbele hadi mwisho na haitashuka. Bawa litaacha kunyanyua, ndege itaanza kuzunguka ikianguka, na hapo hakuna ujanja. Hesabu ya darasa la saba, jamani.

Propela nayo. Ya mita 1.5 ukiifunga moja kwa moja kwenye injini inayozunguka mara 6,000 kwa dakika, ncha zake zinakwenda mita 471 kwa sekunde, zaidi ya kasi ya sauti: kelele tele, msukumo kiduchu. Kwa mizunguko 2,700 ni mita 212. Basi utaweka gia ya kupunguza, nayo ni kilo nyingine za kurudisha kwenye hesabu.

Boliti za duka la mageti ziache kwenye mageti.

Bawa lijaribiwe chini. Ligeuze juu chini, lipakie viroba vya mchanga: ndege ya kilo 340 pamoja na rubani, mara 3.8 kwa sababu angani bawa hubeba zaidi ya uzito wa ndege, ni karibu 1,290, nusu kila upande.

Nakubali, shingo upande, kwamba kibali cha mamlaka ya usafiri wa anga, TCAA ya Tanzania au KCAA ya Kenya, ni safari ndefu na wataalamu wako mbali. Lakini michoro iliyokwisha kupigiwa hesabu ipo. VP-1, ndege ndogo iliyobuniwa na Evans, ni ya plaiwudi na injini ya Volkswagen, imebuniwa kwa fundi wa nyumbani. Ubaya wake ni kwamba lazima uifuate, na mwezi wa kwanza hauna cha kurekodi.