Moja Iliyogeuka Saba

Mpwa wangu ana mwandiko ambao ungemfaa daktari. Moja yake ina kofia, saba yake haina mkanda, ukiziweka pamoja ni mapacha. Nilijua hilo tangu akiwa mdogo, maana madaftari yake nilisahihisha mwenyewe. Bado nikampa kazi ya kuandika namba yangu ya simu kwenye karatasi ya kupeleka kwa mchapaji, kwa kuwa alikuwa meneja wangu wa kampeni. Na alikuwa meneja wangu wa kampeni kwa kuwa hakupatikana mwingine wa kufanya bure.

Vikachapwa vipeperushi 3,000. Picha yangu juu, nimekunja mikono kifuani kama mtu anayedai. Chini yake maneno: "Shida yako ni shida yangu. Nipigie saa yoyote." Halafu namba. Tarakimu zote sawa, isipokuwa ya mwisho: badala ya 1 imekaa 7. Hakuna aliyeona. Mimi nilipewa nakala ya kukagua, nikakagua kama upara unaonekana.

Ilikuwa wiki ya mwisho, nagombea udiwani, kura Jumapili. Jumatatu asubuhi vijana wakavimwaga vipeperushi nyumba kwa nyumba, nami nikakaa sebuleni, simu mezani imejaa chaji, pembeni daftari jipya na kalamu mbili, moja ya akiba. Saa nne, kimya. Saa sita, kimya. Saa nane ikalia, nikairukia hadi nikagonga goti kwenye meza. Mtandao wa simu ulitaka kujua kama ningependa mlio mpya.

Jioni nikaanza kuishuku simu yenyewe. Nikamwomba mke wangu anipigie kwa yake. Akabonyeza jina langu, ikaita vizuri tu, maana namba yangu aliihifadhi miaka mingi kabla mpwa wangu hajajua kushika kalamu. "Imeita," akasema. "Basi tatizo siyo simu." Akaishia hapo, na mimi sikumwuliza tatizo ni nini.

Jumanne nikaingia mtaani kwa miguu. Wasiowahi kugombea hawajui jambo moja: diwani ni mtu wa taka, mitaro, taa za barabarani, kichochoro kilichomomonyoka, basi. Lakini ukibisha hodi, mwenye nyumba hana habari na mipaka ya halmashauri. Wa kwanza alitaka nieleze nitamalizaje vita ya nchi ambayo yeye mwenyewe hakuwa na hakika na jina lake. Wa pili aliniomba nikazungumze na mkwewe, kaondoka nyumbani tangu mwezi uliopita. Wa tatu alisema kura yake ipo, ila kwanza jirani ahame. Wa nne hakusema kitu, alifungulia mbwa.

Nimefundisha historia miaka 22, na akili yangu ikibanwa hukimbilia kwa Warumi. Nikiwa juu ya ukuta wa mtu, mbwa chini, nikamkumbuka Marcus Cerrinius Vatia wa Pompeii, ule mji uliofukiwa na majivu ya mlima Vesuvius mwaka 79. Kuta zake zimekutwa zimejaa matangazo ya uchaguzi, yamepakwa kwa rangi. Vatia alikuwa anawania cheo cha msimamizi wa barabara na masoko, yaani diwani mwenzangu kabisa. Tangazo moja linasema anaungwa mkono na wanywaji wa usiku wa manane. Jingine, na vibaka. Jingine, na wote waliolala. Inaelekea ni wapinzani walikuwa wanamchafulia jina. Mimi pale ukutani nilimwonea wivu: mwenzangu angalau alikuwa na vibaka.

Mbwa alipochoka nikashuka, nikaendelea. Nyumba ya saba, mzee mmoja akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Mheshimiwa, karibu. Jana nimeongea na ofisi yako. Yule mama wa kwenye simu, Mungu amweke. Kanisikiliza dakika arobaini."

Ofisi yangu ilikuwa mpwa wangu na baiskeli. Mtu mwenye akili zake angeuliza, mama gani? Lakini mimi nilikuwa mgombea, siku tano kabla ya kura. Nikatikisa kichwa taratibu, kwa uzito, nikasema, "Ndiyo, nilimwagiza alifuatilie."

Nyumba ya nane, hivyo hivyo. Ya kumi na moja wakanitolea kiti. Jioni nikamwita mpwa wangu pembeni: "Umemweka mtu wa kupokea simu?" Akanitazama usoni, akaona nimefurahi, na yeye ni mtoto wa dada yangu, damu ni moja. "Nimejiongeza tu, mjomba," akasema. Nikampigapiga begani. Ndivyo tulivyolala usiku ule, waongo wawili, kila mmoja akimshukuru mwenzake.

Jumatano bomba la pale kona, lililokuwa limepasuka na kumwaga maji miezi mitatu mfululizo, lilizibwa. Mafundi walifika kabla ya adhuhuri, wakiwa na sura za watu waliokosa usingizi. Nilipopita, kina mama wakanipigia vigelegele. Nikainua mkono: "Sisi tunafanya kazi kimyakimya." Kweli ilikuwa kimya. Hata mimi nilikuwa sijaisikia.

Alhamisi kijana wa pikipiki akapunguza mwendo mbele yangu. "Mheshimiwa, kesho saa mbili asubuhi usichelewe. Mama katuhakikishia utaingia mwenyewe."

"Nitakuwepo," nikasema.

Pikipiki ilishapotea kwenye kona ndipo nikajiuliza: kuingia wapi?

Mpwa wangu akasema lazima ni ukumbini. Kwa hiyo Ijumaa nikavaa shati jeupe, suruali ya krimu na viatu vipya. Warumi waliogombea walivaa joho lililopakwa chokaa ling'ae, na neno lao la mgombea limetokana na weupe huo. Nililijua hilo darasani, na asubuhi ile nilijiona nimelitendea haki.

Tulielekezwa hadi kwenye mtaro mkubwa nyuma ya shule. Watu kama arobaini wamesimama kandokando na makoleo, reki na ndoo, na katikati wameacha nafasi ya mtu mmoja, na koleo moja limechomekwa kwenye udongo likisubiri.

Ule mtaro niuelezee, maana tuliishi pamoja. Maji yake hayakuwa yanatembea. Juu yalikuwa na ngozi nyeusi inayong'aa, na kwenye ngozi ile vilikuwa vimekwama kandambili moja ya kushoto, mkono wa mwanasesere, betri za redio, na vipeperushi vyangu. Vingi. Vyote vimeangalia juu, nimekunja mikono, shida yako ni shida yangu.

Watu wakapiga makofi. Mpwa wangu akatoa simu kuchukua picha. Nikaona sehemu moja pembeni imekaa kama udongo mgumu, ina hata majani, nikakanyaga hapo kwa madaha. Haukuwa udongo. Nilizama mpaka mkandani kwa mkupuo mmoja, na kile kitu kikanimeza kwa sauti ambayo watoto wa shule ile wanaiigiza mpaka leo. Kiatu cha kulia kikabaki huko chini. Kwa sekunde kadhaa hakuna aliyesema neno. Kisha nyuma ya kundi mtu akasema kwa heshima kabisa, "Anapima kina."

Basi nikapima kina. Ningefanya nini? Nikaomba koleo.

Nilikuwa nimeshachota kama ndoo sita, shati limekuwa la rangi ambayo sijui jina lake, kundi lilipoachia njia. Akaja mama mmoja wa makamo ya bibi, miwani imefungwa uzi nyuma ya shingo, kwapani ameshika daftari kubwa lenye jalada gumu. Akasimama ukingoni. Akatazama kipeperushi alichonacho mkononi, akanitazama mimi.

"Ndiye mwenyewe?" akauliza. "Kwenye picha ana nywele."

"Shikamoo mama," nikasema kutoka chini.

"Marahaba, mwanangu. Simu yako imenipa kazi."

Akanieleza palepale, mbele za watu, nikiwa na koleo. Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi simu yake imeita, mtu anataka kumwona mgombea kuhusu mtaro. Amemwambia umekosea namba. Yule mtu amelia. "Sasa mimi nilikuwa opereta wa simu miaka thelathini na moja," akasema, "sijawahi kumkatia mtu anayelia. Nikamwambia haya, sema." Wa pili akapiga, wa tatu, akaenda kununua daftari.

Akalifungua nione. Mistari imepigwa kwa rula. Tarehe, jina, nyumba, shida, aliyepigiwa, alichojibu. Safu ya mwisho, ambayo hata halmashauri sijaiona, ilikuwa na neno moja kila mstari: "Nirudie." Kumbe wale wa maji alikuwa akiwarudia kila nusu saa, mchana na usiku, mpaka mkubwa wao akaamka akawatuma mafundi ili na yeye alale. Malalamiko yalikuwa yamefika 86.

"Na mtaro je, mama?" nikauliza. "Nani alisema nitaingia?"

"Wewe. Umeandika shida yako ni shida yangu. Huu mtaro si ni shida?"

Nikamtafuta mpwa wangu kwa macho. Alikuwa anaangalia viatu vyake, ambavyo ndivyo pekee vilivyobaki vikavu katika kampeni yote.

Jumamosi tulifunga kampeni kwenye uwanja wa mpira. Nilizungumza sera kwa dakika kumi na mbili, nikiwa nimeazima viatu, na kila nikivuta pumzi mtu alipaza sauti, "Mama aseme!" Mwisho nikampisha. Hakuzungumza, alisoma. Namba kumi na nne, tayari. Namba kumi na tano, taa, wameahidi Jumanne, nitawarudia. Namba kumi na sita, "huyu alinidanganya, nimekwenda mwenyewe kuangalia, hana shimo lolote mbele ya nyumba." Uwanja ulilipuka. Akamaliza kwa kuniombea kura, nayo ilikuwa sentensi moja: "Mpeni huyu, ana uvumilivu wa kusimama majini."

Pale ndipo mpwa wangu alipopata wazo la mwisho katika kazi yake ya umeneja. Akachukua kipaza sauti, akatangaza kwamba namba kwenye kipeperushi ilikosewa, namba sahihi ya mheshimiwa inaishia na moja. Wakamzomea mpaka akashuka. Namba ile walikuwa wameshaizoea.

Jumapili usiku tukaingia kwenye chumba cha kuhesabia, mimi na mpwa wangu, sasa akiwa wakala. Kura halali zikahesabiwa mara mbili. Nilipungukiwa 9.

Zikabaki zilizoharibika. Msimamizi akaanza kuziinua moja moja mawakala wazione, ndivyo inavyofanyika. Ya kwanza haikuwa na alama kwenye jina la yeyote. Katikati ya karatasi mtu ameandika, kwa mwandiko wa kujitahidi, namba ya simu inayoishia na saba. Ya pili, vilevile. Ya tatu mtu ameipigia namba mstari na kuandika "huyu". Zilikuwa 17.

"Hizo ni zetu!" mpwa wangu akaruka. "Hiyo ni namba ya mgombea wetu!"

Msimamizi akavaa miwani, akavuta fomu yangu ya kugombea. "Namba ya mgombea wenu inaishia na moja. Imeandikwa hapa." Akaisogeza karibu na taa, akakunja uso. "Au hii ni saba?"

Mpwa wangu akaiangalia kwa muda mrefu. Ilikuwa mwandiko wake. "Ni moja," akasema kwa sauti ndogo, na kura 17 zikaenda.

Ya kumi na nane ilikuwa na alama ya vema, nzuri, kubwa, kwenye jina langu. Nikainuka kitini. Lakini pembeni kulikuwa na maandishi: "Mama, ile taa ya kwetu imewaka jana ikazimika tena," na chini yake jina kamili la mpiga kura na namba ya nyumba. Msimamizi akatikisa kichwa. Kura ikimtaja aliyeipiga haifai, ni siri. Nimewafundisha wanafunzi wangu kwa miaka 22 kwamba kura ya siri ya karatasi rasmi ilianza Australia mwaka 1856, na kwamba ni jambo zuri. Usiku ule niliwakasirikia Waaustralia wote.

Nikafika nyumbani saa saba za usiku. Mke wangu alikuwa amelala, mmoja wa wafuasi wa Vatia. Nikakaa sebuleni na simu ileile, nikabonyeza namba yangu mwenyewe, mwisho nikaweka saba. Ikaita mara moja tu.

"Nakusikiliza."

"Mama, ni mimi. Tumeshindwa. Kwa kura tisa."

Nikasikia karatasi zinafunuliwa, kalamu inakwaruza.

"Pole, mwanangu. Huyo aliyeshinda, namba yake ya simu unayo?"

"Ninayo."

"Nisomee. Polepole, na moja na saba zako uzitamke vizuri."